Bomba la kushusha maji na la kuyarudisha yasilingane

Ukiwa na tangi la samaki lenye tangi la pili chini yake la kuchujia maji, je, bomba la kushusha maji na la kuyarudisha juu yawe na upana mmoja? Hapana, usiyalinganishe. Maji ya kushuka hayasukumwi na chochote, yanateremka kwa uzito wake tu, ila ya kurudi yana pampu nyuma yake. Kwa pampu ya lita 2,000 kwa saa, weka inchi 1½ kushusha na robo tatu kurudisha. Na toboa tundu la pili la kushushia, mdomo wake juu kidogo ya lile la kwanza, bila koki kabisa. Konokono mmoja akiziba bomba moja, hilo la pili ndilo litakalookoa sakafu yako.

Ila kinachomwaga maji sebuleni mara nyingi ni umeme kukatika. Pampu ikisimama, bomba la kurudisha linaanza kufyonza maji kuyarudisha chini mpaka mdomo wake upate hewa. Tangi la sentimita 120 kwa 45, maji yakishuka sentimita 3 tu, ni lita 16 na ushee, bado yaliyomo ndani ya mabomba. Tangi la chini lazima libaki na nafasi hiyo, na zaidi. Mimi mdomo wa kurudishia nauweka karibu na uso wa maji, kisha natoboa kitundu cha milimita 4 chini kidogo ya uso huo ili hewa iingie mapema. Kisugue kila wiki, ukijani hukiziba upesi. Valvu ya kuzuia maji yasirudi usiitegemee peke yake, uchafu kidogo tu unaiacha wazi.

Kabla hujaweka samaki, zima pampu mwenyewe uone maji yanaishia wapi, upige alama hapo.