Mwanza–Bukoba kwa ndege: kilomita ngapi, dakika ngapi?

SWALI: Mtandaoni naona Mwanza hadi Bukoba ni kilomita 175, kwingine zaidi ya 400. Tena ndege aina ya ATR, ile ya panga boi, inasemekana hukimbia kilomita 500 kwa saa. Mbona basi tiketi yangu imeandikwa dakika 45, si 20? — Msomaji, Ilemela

JIBU: Hizo 400 na ushei ni za barabara inayozunguka ziwa kwa kusini: daraja la Kigongo–Busisi, Geita, Chato, Muleba. Ndege hukata moja kwa moja juu ya maji. Unaweza kujihakikishia kwa kalamu na karatasi. Uwanja wa Mwanza uko nyuzi 2 dakika 27 Kusini na nyuzi 32 dakika 56 Mashariki; wa Bukoba, nyuzi 1 dakika 20 Kusini na nyuzi 31 dakika 49 Mashariki. Ukitoa, unabaki na dakika 67 kwenda kaskazini na 67 kwenda magharibi (za ramani hizo, si za saa). Karibu na ikweta kila dakika ni maili moja ya baharini, yaani kilomita 1.852. Zidisha 67 kwa 67, mara mbili yake, tafuta kipeuo cha pili: maili 95, sawa na kilomita 175.

Dakika 20 zingewezekana kama ndege ingeanza na kumaliza ikiwa kwenye mwendo wake kamili. Haiwezi. Kupanda huichukua dakika kadhaa kwa mwendo mdogo, kisha rubani huhesabu takriban maili 3 za kushuka kwa kila futi 1,000. Viwanja vyote viwili viko futi 3,700 na kitu juu ya usawa wa bahari. Akiwa amepanda hadi 14,000, atahitaji maili 30 hivi kushuka. Theluthi ya safari imeishia hapo! Angani utakaa kama nusu saa. Zinazobaki ni za kutembea uwanjani, kusubiri ruhusa ya mnara na kuegesha, maana saa ya tiketi huhesabiwa tangu ndege inapoondoka maegeshoni.

Usitegemee jeti kupunguza muda. Barabara ya kurukia ya Bukoba ni ya mita 1,500 hivi, haizitoshi jeti kubwa zinazotua Mwanza.

Kinachovuruga ratiba hasa ni mvua. Usiku mawingu hujengeka juu ya ziwa, na upepo wa mashariki huyasukuma upande wa Bukoba, ndiyo maana mji huo hunyeshewa sana alfajiri na asubuhi. Njia isipoonekana, ndege huzunguka ikisubiri, au hurudi Mwanza. Mafuta ya kurudi huwa yamepakiwa tangu mwanzo. Mwenye kikao Bukoba saa 4 asubuhi, hasa Machi hadi Mei, asafiri jana yake. Na ukiona 07:00 kwenye tiketi, hiyo ni saa 1 asubuhi.