Jumamosi ya sinema na vijana wa Kadutu, Bukavu
Mama wa Kadutu, umeuliza kama filamu ya Kimarekani Youth in Revolt inafaa kuonyeshwa vijana wa parokia wenye miaka 13 hadi 16. Kwa hao, hapana. Marekani kwenyewe aliye chini ya miaka 17 haingii bila mtu mzima, na mizaha mingi ni ya kitandani. Wakubwa zao, ndiyo. Michael Cera anacheza Nick, mwenye haya, na pia François, mwenye masharubu na sigara, ambaye Nick amembuni kichwani ili ampate Sheeni, msichana anayempenda. Wawili hao wakibishana, filamu inapendeza kweli, mwishoni inalegea. Moto ukiwaka katika mji wa Berkeley, simamisha filamu, uwaulize: kosa ni la Nick au la François? Tafuta nakala yenye maandishi ya Kifaransa.