Gitaa la nusu mvungu: kulinunua, kulirekebisha na kubadilisha nyaya zake

Magitaa mawili ya umeme yanaweza kufanana sura, yote yana tumbo jembamba na matundu mawili ya herufi f, kumbe ndani ni vitu tofauti. Moja, ndilo la nusu mvungu, lina gogo la mbao linalopita katikati kuanzia kwenye shingo hadi kitakoni. Jingine ni tupu. Kampuni ya Gibson ilipotoa gitaa la ES-335 mwaka 1958 ilitia gogo la mepo katikati ili gitaa listahimili sauti kubwa bila kupiga fidibaki, ule mlio mkali unaojirudia kwenye spika. Mwaka uliofuata ikatoa ES-330, ambayo kwa mbali utadhani ni pacha wake, ila haina gogo. Epiphone Casino nayo haina. Hayo matupu ni magitaa mazuri kwa kazi yake, lakini ukipiga kwa sauti ya juu jukwaani yatakusumbua.

Kwa hiyo kabla ya kuuliza bei, washa tochi ya simu na umulike ndani ya tundu la f. Ukiona ukuta wa mbao upande wa katikati, gogo lipo. Ukiona mwanga ukitokea tundu la pili, gitaa ni tupu. Elekeza tochi pia upande wa shingo na upande wa kitako, kwa sababu baadhi ya magitaa yana kipande kifupi tu chini ya daraja (chuma kinachobeba nyuzi kwenye tumbo) na yanauzwa kwa jina hilohilo la nusu mvungu. Usibabaishwe na muuzaji anayeponda gitaa kwa kuwa tumbo lake ni la plaiwudi: hata ES-335 yenyewe ni ya plaiwudi, na imetengenezwa hivyo kwa makusudi.

Jambo la pili la kukagua ni daraja. Kwenye magitaa haya shingo huwa imegundishwa, haikufungwa kwa bolti, hivyo pembe yake haibadilishwi kwa dakika kumi. Tazama zile gurudumu mbili ndogo zinazopandisha na kushusha daraja. Kama daraja limeshushwa hadi mwisho na nyuzi bado ziko juu, shingo imekaa vibaya, na dawa yake ni kubandua shingo na kuigundisha upya. Liache hilo gitaa hata kama ni la bei ya kutupa. Geuza pia kichwa uangalie nyuma yake, pale shingo inapopinda kuelekea kwenye funguo za kukazia nyuzi. Ndipo gitaa la kichwa kilicholala huvunjika likianguka chali. Mstari mwembamba kwenye rangi, unaozunguka pande zote mbili, ni dalili ya mvunjiko uliowahi kugundishwa. Gundi nzuri hushika miaka mingi, ila bei lazima ishuke.

Mengine ni ya haraka. Bonyeza kila uzi kwenye kila freti (vile vyuma vinavyokata shingo) usikilize kama kuna inayokwaruza, chomeka waya kwenye amplifaya, zungusha vinobu vyote, na gusa kila pikapu, yaani kile kifaa cha sumaku kinachonasa sauti ya nyuzi, kwa bisibisi taratibu. Ikiwa hai utasikia mgongano wa chuma kwenye spika.

Ukishalipata, usikimbilie kubadilisha pikapu. Magitaa mengi yanayolaumiwa kuwa na sauti mbaya hayajawahi kurekebishwa tu. Anza kwa kuweka nyuzi utakazotumia kila siku, kwa kawaida seti ya 10 hadi 46 (unene kwa elfu za inchi), maana unene wa nyuzi ndio unaoamua shingo itavutwa kiasi gani. Badilisha uzi mmoja mmoja. Ukizitoa zote kwa pamoja, daraja na kishikio cha nyuzi hudondoka vyenyewe na kuchana rangi.

Kisha shingo. Weka kapo (kibanio cha nyuzi) kwenye freti ya kwanza, bonyeza uzi wa sita kwenye freti ya mwisho, halafu pima mwanya kati ya uzi na freti ya saba kwa fila geji, vile vibati vyembamba vya kupimia mianya. Unataka milimita 0.15 hadi 0.25. Mwanya ukizidi, kaza chuma cha shingo (fimbo iliyo ndani yake) kuelekea kulia. Ukikosekana kabisa, legeza. Robo mzunguko kwa mara moja, tyuni upya, subiri kidogo, pima tena. Nati ya chuma hicho kwenye Gibson hutumia spana ya inchi 5/16, wakati magitaa mengi ya kampuni nyingine hutumia alenki ya milimita 4 au 5. Alenki isiyokaa sawasawa hula kingo za nati, na nati iliyolika ni gharama kubwa kuliko spana. Ukihisi imegoma, acha.

Baada ya shingo ndipo unarekebisha urefu wa nyuzi kwa gurudumu za daraja. Kwenye freti ya kumi na mbili, bila kapo, milimita 2 kwa uzi wa sita na 1.5 kwa uzi wa kwanza ni mahali pazuri pa kuanzia. Angalia nyuma ya daraja: kama nyuzi zinagusa ukingo wake kabla ya kufika kwenye vikalio, vile vipande vidogo vya daraja vinavyobeba kila uzi, pandisha kishikio cha nyuzi kidogo. Mguso huo hukata nyuzi na taratibu huliinamisha daraja mbele.

Halafu usahihi wa noti. Piga hamoniki (gusa uzi kidogo bila kuubonyeza) juu ya freti ya kumi na mbili, kisha bonyeza freti hiyohiyo upige, ulinganishe kwa tyuna. Noti ya kubonyeza ikiwa juu, rudisha kikalio nyuma. Ikiwa chini, sogeza mbele kuelekea shingo. Usifanye kazi hii kwa nyuzi zilizochoka, utahangaika bure.

Uzi wa tatu ukikataa kukaa kwenye tyuni, usilaumu funguo kwanza. Kwenye kichwa chenye funguo tatu kila upande, uzi wa tatu na wa nne hupinda pembeni mara tu unapovuka kizingiti, yaani kile kipande cha mfupa au plastiki juu ya shingo, na hukwama kwenye mfereji wake. Dalili yake ni sauti ya “ting” unapokaza. Sugua unga wa penseli ndani ya mfereji. Isipotosha, mfereji upanuliwe kwa tupa ya unene wa uzi huo, ukipanua kando tu bila kushusha sakafu yake.

Pikapu ziwe mwisho. Bonyeza nyuzi kwenye freti ya mwisho: ya shingoni ianzie milimita 2.4 chini ya nyuzi, ya darajani milimita 1.6, kisha sikio liamue.

Sasa nyaya, ambako ndiko wageni hukwama. Gitaa la mbao nzima lina kifuniko nyuma. Hili mara nyingi halina. Kila potensiomita (kifaa kilicho chini ya kinobu), swichi na jeki huingia na kutoka kupitia tundu la f au shimo la pikapu ya darajani. Kwa hiyo pima kabla ya kununua vipuri. Potensiomita kubwa ina kipenyo cha karibu milimita 24, na matundu mengi ya f ni membamba kuliko hapo. Fungua pikapu ya darajani uone kama gogo limekatwa chini yake; likiwa limekatwa, njia hiyo ni pana zaidi. Kama njia hiyo haipo, tumia potensiomita ndogo za milimita 16. Ziwe za kilo-ohm 500 kwa pikapu za koili mbili, na kapasita za mikrofaradi 0.022. Shingo ya potensiomita za inchi, yaani sehemu inayopita kwenye shimo, ni milimita 9.5, wakati mashimo ya magitaa ya vipimo vya metriki ni madogo zaidi. Yapanue kwa rima ya mkono (chuma cha kupanulia mashimo), huku umebandika solotepu juu ya rangi. Drili ya umeme hupasua plaiwudi kwa ndani.

Kabla ya kusukuma chochote ndani, piga picha, kisha funga uzi wa kushonea wenye nguvu, sentimita 60 hivi, kwenye kila mhimili (kijiti kinachoshika kinobu), na uandike namba kwenye kipande cha solotepu mwishoni. Potensiomita ikitoka kupitia tundu la f, uzi hubaki umepita njia yake, na huo ndio utakaoivuta mpya hadi kwenye shimo lake. Chora nafasi za mashimo kwenye kipande cha katoni, panga vifaa vipya juu yake na uchomee lehemu hapo, nje ya gitaa. Tumia waya wenye kinga ya matundu ya chuma, kwa sababu ndani ya tumbo hakuna namna rahisi ya kupaka rangi ya kuzuia mvumo. Ujaribu mfumo mzima kwenye amplifaya ukiwa bado kwenye katoni. Kurudia kazi kwa sababu ya lehemu moja baridi (isiyoshika vizuri) iliyoko ndani ya tumbo ni adhabu.

Wakati wa kuingiza, anza na kifaa kilicho mbali zaidi na tundu. Mpira mwembamba wa plastiki unaobana kwenye mhimili huongoza vizuri kuliko uzi pale kifaa kinapotaka kugeuka. Nati na pete zake bapa (washa) zikazwe kwa vidole kwanza; ukikaza kwa spana huku potensiomita inazunguka ndani, nyaya hujikunja na kukatika.

Ukimaliza, gusa nyuzi. Mvumo ukipungua, waya wa daraja, unaounganisha nyuzi na ardhi, uko sawa. Usipobadilika, waya huo umekatika au haujafungwa. Ukiongezeka, waya wa ishara na wa ardhi zimebadilishana, mara nyingi kwenye jeki. Na kama swichi ikiwa katikati sauti inakuwa nyembamba kama ya simu mbovu, pikapu mbili zinapingana: geuza nyaya mbili za pikapu moja, ikiwa kinga yake ina waya wake peke yake. Pikapu yenye waya mmoja tu uliovikwa kinga usiigeuze hivyo, kwa kuwa kifuniko chake cha chuma kitakuwa upande wa ishara na kitavuma kila ukikigusa.