Kabla ya Kusoma Vita, Fungua Faharasa

Mdogo wangu uliyeanza kukusanya vitabu vya vita kuu na himaya za Wazungu, ngoja nikupunguzie safari. Mimi niliianza kwa aibu.

Mwaka wa kwanza chuoni nilisimama mbele ya wenzangu nikaeleza, kwa madaha, kwamba Malkia Victoria wa Uingereza alimpa mjukuu wake, Kaiser (mfalme) wa Ujerumani, Mlima Kilimanjaro kama zawadi ya siku ya kuzaliwa, ndiyo maana mpaka wa Kenya na Tanzania umepinda pale. Darasa lilifurahi. Mwalimu akaniuliza swali moja tu: "Huyo mjukuu alikuwa Kaiser lini?" Nikabaki nakodoa. Wilhelm wa Pili alitawazwa 1888. Uingereza na Ujerumani zilishakubaliana kuhusu mstari ule 1886, na mlima ulikuwa tayari umeangukia kwa Wajerumani. Tangu siku hiyo kila kitabu nasoma na karatasi pembeni ya kuandikia miaka. Hadithi tamu nyingi hufia hapo kwenye karatasi.

Hata mkutano wa Berlin, unaosemwa ndio ulioigawa Afrika, uwekee alama ya kuuliza. Mkutano wa 1884 na 1885 ulikaa bila Mwafrika hata mmoja mezani, hilo ni kweli. Lakini mipaka yetu hii haikuchorwa siku zile. Ilikuja kwa mikataba ya wawili wawili baadaye, kama ule wa 1886, na ule wa 1890 ambao Ujerumani ilipata kisiwa cha Heligoland huku Zanzibar ikiwekwa chini ya ulinzi wa Uingereza. Kitabu kinachosema bara zima lilikatwa kama keki kwa kikao kimoja, mwandishi wake amekuwa mvivu.

Sasa faharasa, ile orodha ya majina na kurasa zake mwishoni mwa kitabu. Ukishika kitabu cha Vita vya Kwanza vya Dunia katika Afrika Mashariki, usianze ukurasa wa kwanza. Nenda nyuma. Tafuta Lettow-Vorbeck, jemadari wa Wajerumani, utamkuta na safu nzima ya kurasa. Kisha tafuta wapagazi. Wakiwa na kurasa mbili tatu, nunua ukipenda, ila ujue umenunua nusu ya vita.

Nasema nusu kwa hesabu kabisa. Mbung'o walikuwa wanaua farasi na ng'ombe, na barabara za magari zilikuwa chache, kwa hiyo mzigo ulikwenda kichwani. Chukua mpagazi mwenye kilo 25 za unga, anayekula kilo moja kwa siku. Akienda siku kumi na kurudi siku kumi, amekula kilo 20. Zilizomfikia askari ni tano. Ndipo unaelewa kwa nini Waingereza waliwachukua watu kwa mamia ya maelfu, na kwa nini kumbukumbu zao wenyewe zinakiri wapagazi wapatao 95,000 waliokufa, wengi kwa kuhara, malaria na unga usioiva vizuri. Vijiji navyo vilibaki bila mikono ya kulima na bila akiba ghalani. Ugogo wanaijua njaa ya Mtunya, ya kuanzia 1917. Vitabu vya kusifu ujanja wa majemadari huipita bila kugeuka. Na jina la jeshi lile la wapagazi, Carrier Corps, unalitamka kila ukienda sokoni: Kariakoo ya Dar es Salaam, Kariokor ya Nairobi.

Jambo la majina litakusumbua mwanzoni. Ramani ya Kijerumani haina Lushoto, ina Wilhelmstal. Tukuyu ni Neu-Langenburg, Kasanga ni Bismarckburg. Abercorn, alikosalimu amri Lettow-Vorbeck tarehe 25 Novemba 1918, wiki mbili baada ya bunduki kunyamaza Ulaya, leo ni Mbala, Zambia. Mkwawa, mtawala wa Wahehe, Wajerumani walimwandika Quawa. Nilipoteza miezi nikitafuta watu na miji ambayo ilikuwa mbele ya macho yangu. Tengeneza orodha yako mapema.

Kuhusu idadi ya waliokufa, usibishane kabla hujauliza nani alihesabu na alihesabu nini. Vita vya Maji Maji, 1905 hadi 1907, utavikuta na Waafrika 75,000 katika hesabu ya serikali ya Kijerumani, na 250,000 au zaidi kwa wanahistoria wa baadaye. Tofauti kubwa ni njaa: mashamba na maghala yalichomwa kwa makusudi, na watu waliendelea kufa risasi zilipokwisha. Angalia pia kama mwandishi anaandika "uasi" au "vita". Neno hilo moja litakuambia amesimama upande gani wa mto.

Mwisho, soma nyaraka zenyewe, hata kama zinachosha. Mkataba wa Versailles wa 1919 niliufungua kwa ajili ya fidia na mipaka ya Ulaya. Nikafika kifungu cha 246. Pale, katikati ya mambo ya wakubwa, Ujerumani inaagizwa kukabidhi ndani ya miezi sita fuvu la Sultani Mkwawa kwa serikali ya Uingereza. Mtu wa Uhehe, aliyejiua 1898 asikamatwe, ameingia kwenye mkataba wa kumaliza vita vya dunia! Vitabu vinene vitatu nilivyokuwa navyo kabatini havikuwa na hata mstari juu yake. Ile miezi sita ikawa miaka: fuvu lilirudi 1954, na liko Kalenga, karibu na Iringa. Ukienda, nenda na nakala ya kifungu hicho mfukoni, ukisome ukiwa umesimama mbele ya kabati la kioo.