Tela halipigi honi: niliyojifunza nikimvuta konokono wa Uyole

Watoto wa mtaani kwetu Uyole waliliita konokono siku ileile lilipoingia, na jina likaganda. Ni tela la kulala, karavani ndogo ya ekseli moja. Nililinunua kwa mzee mmoja mstaafu kule Mufindi, baada ya kulikuta chini ya mikaratusi kuku wakitaga ndani yake. Miaka kadhaa nilikuwa nimevuta tela la viazi nyuma ya Hilux, kwa hiyo nilijiona mjuzi. Ujuzi wenyewe ulidumu safari moja tu, ile ya kulileta nyumbani.

Tulikuwa tumeshaipita Igawa tukielekea Chimala, barabara imenyooka, muziki umewaka. Kijana wa bodaboda akatufikia ubavuni, akawa ananyooshea kidole nyuma. Nikadhani anasifia tela, nikampungia mkono. Mama watoto ndiye aliyenusa. Kushuka, gurudumu la kushoto linafuka moshi, habu, ile bakuli ya katikati ya gurudumu inayobeba beringi, imekuwa ya bluu kama chuma kilichotoka kwa fundi wa kuchomelea, na tairi limelala upande. Beringi ilikuwa imesagika yote. Tulilala pale pale, na sifa moja ya tela la kulala ni kwamba hata likikuharibikia njiani, kitanda unacho.

Gari lenyewe likiwa na shida utajua. Injini inabadilisha sauti, klachi inanuka, usukani unavuta upande. Tela liko nyuma yako, limenyamaza, na wewe unaendelea na stori. Halina honi. Kwa hiyo tangu siku ile kila nikisimama, hata kama ni kununua mahindi ya kuchoma, nazunguka nyuma na kugusa habu zote mbili kwa mgongo wa kiganja. Zikiwa za uvuguvugu, sawa. Moja ikiwa ya moto kuliko mwenzake, beringi yake ina neno, au breki yake inang'ang'ania. Zote mbili zikiwa moto sawasawa baada ya mteremko mrefu, hapo ni kazi ya breki, subiri zipoe. Inachukua nusu dakika.

Beringi za tela huliwa zaidi na kukaa kuliko na kutembea. Grisi inakauka, unyevu unaingia, kutu inaanza kula vile vigololi taratibu. Kabla ya safari ya kwanza zifungue, zioshe kwa mafuta ya taa, zikaushe kabisa, kisha zipakie grisi ya beringi za magurudumu, ile inayovumilia joto, mpaka itokeze upande wa pili. Usikubali fundi apake juujuu kama anapaka mkate siagi. Oili sili, ule mpira unaozuia grisi isitoke, ni mpya kila unapofungua. Kwenye kukaza nati ndipo mafundi wengi wanapokosea: wanakaza kwa nguvu zote wakidhani ndiyo usalama. Nati ya beringi unaikaza huku unazungusha gurudumu, kisha unairudisha kidogo mpaka gurudumu lizunguke kwa uhuru bila kucheza, ndipo unatia pini. Iliyobana sana huungua sawasawa na iliyolegea. Mimi nafungua mara moja kwa mwaka, na tena wakati wowote nikipita kwenye maji yaliyofika juu ya habu, maana habu ya moto ikizama kwenye maji baridi huyavuta ndani.

Halafu nikafanya jambo ambalo naona ndilo la maana kuliko yote niliyolifanyia tela hili. Beringi zake zilikuwa za saizi ya kigeni, na rimu zake hazikulingana na chochote kilichopo sokoni Mbeya. Fundi wa mashine ya kukereza akanitengenezea ncha mpya za ekseli, tukafunga habu za Hilux, za bolti sita. Sasa tela na gari vinavaa tairi moja, spea zangu mbili zinatumika popote, na beringi nazipata Makambako, Iringa hata Tukuyu. Seti moja iliyokwishapakwa grisi nimeiweka kwenye kopo la maziwa lenye kifuniko, chini ya kitanda.

Tairi za tela nazo hudanganya. Kashata, yale meno ya tairi, zimejaa kwa sababu tela halitembei sana, kumbe mpira umezeeka. Angalia ubavuni, kuna tarakimu nne: 2319 maana yake imetengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Ikifika miaka sita hivi, au ukiona nyufa ndogondogo ubavuni, toa, hata kama fundi wa pancha anakuambia "hii bado mpya bosi". Upepo upime asubuhi kabla hujaondoka, tairi likiwa baridi. Nati za gurudumu kaza tena baada ya kilomita 80 hivi za kwanza tangu lifungwe.

Sasa mzigo. Hapa nilijifunza nikiwa na tela la viazi, na somo ni lilelile. Nilipakia Isyonje, lumbesa zimepangwa nyuma kabisa ili iwe rahisi kushusha. Kuanza kuteremka kuja Uyole, tela likaanza kutingisha mkia, kidogo, kisha zaidi, kisha gari zima linapepesuka kama mlevi. Nikakanyaga breki, na ndilo kosa, likazidi. Niliponea kwenye kilima kidogo kilichopunguza mwendo. Dawa ni kuachia mafuta taratibu, kushika usukani wima bila kuufukuzafukuza, na kutogusa breki ya gari mpaka litulie. Kama tela lina breki yake inayovutwa na dereva, hiyo ndiyo ya kutumia.

Kinga yake iko kwenye kupakia. Uzito unaokalia ndoano ya gari uwe kati ya asilimia 10 na 15 ya uzito wote wa tela. Konokono wangu akijaa ni kama kilo 900, kwa hiyo pale mbele nataka kilo 90 mpaka 135. Napimia mizani ya chini ya wauza viazi: nalisimamisha tela likiwa sawa, na kichwa chake nakikalisha juu ya kipande cha gogo kilichosimama kwenye mizani. Vitu vizito vikae chini, karibu na ekseli au mbele yake kidogo. Maji usiyasahau kwenye hesabu, kila lita ni kilo moja, na tangi la lita 100 lililoko nyuma linaharibu yote. Mimi husafiri na madumu mawili tu, nayajaza nikifika. Nyanda hizi hazina shida ya maji.

Milima. Kushuka Kitonga kutoka Ilula, au Mlima Nyoka, gia unaichagua juu kabla hujaanza, si katikati. Gia ndogo, injini ikushikilie, breki uziguse kwa vipindi na kuziachia zipumue. Ukizikalia mfululizo, mafuta ya breki yanachemka, pedali inazama na hakuna kitu. Kupanda nako kuna mambo. Injini isiyo na tabo (turbo) hupoteza karibu asilimia 10 ya nguvu kwa kila mita 1,000 unazopanda, hivyo Kitulo, juu ya mita 2,600, robo ya farasi zako wamebaki kule chini Kyela. Usione aibu kupanda na gia ya kwanza. Pembeni ya malori ya Kitonga hutakuwa peke yako.

Watu huniuliza kuhusu kupandisha tela kwenye ile njia ya Chimala kwenda Matamba, Hamsini na Saba. Jibu langu ni hapana. Zile kona 57 zinataka gari fupi, na tela halikati kona pale linapopita gari, linakata kwa ndani. Liache Chimala kwa mwenyeji, au zunguka na njia ya Isyonje na Kikondo, kiangazi. Masika njia ile ina tope la kuteleza, na ukungu unaweza kukuzuia kuona hata kichwa cha tela lako mwenyewe.

Matuta ya vijijini unayavuka mara mbili, moja la gari, moja la tela. Usikanyage mafuta mpaka usikie la pili. Kurudi nyuma, shika usukani kwa chini: mkono ukienda kulia, tela linaenda kulia. Fanya mazoezi uwanjani Jumapili, watoto watakucheka, lakini ni nafuu kuliko kujifunzia kituo cha mafuta.

Taa hazitaki maneno mengi. Ukiwasha indiketa halafu taa za breki nazo zikakonyeza, tatizo karibu kila mara ni waya wa ethi, umeoza au umelegea. Minyororo ya usalama iwe miwili, ipishane chini ya ndoano kama mkasi, ili kichwa kikichomoka kidakwe, kisichimbe lami. Na kabla hujafungua tela kwenye gari weka kabari kwenye magurudumu yote. Shemeji yangu alisahau mara moja. Tela lilitangulia kwenye migomba ya watu.

Ndani, adui ni mvua. Kuanzia Novemba mpaka Mei huku kwetu hakuna mzaha, na Tukuyu ndiko kubaya zaidi. Bonyeza kuta kwa dole gumba pembeni ya madirisha na kwenye kona za paa. Pakibonyea, mbao imeshaoza nyuma ya bati. Kwangua silikoni ya zamani yote kabla ya kupaka mpya, kupaka juu ya ile kuu ni kupoteza hela. Skrubu za makabati kaza kila baada ya barabara ya vumbi. Tulipotoka Ruaha nilizifagia sakafuni kama punje za mtama.

Juni na Julai Kitulo huganda umande, na hapo mtungi wa gesi unaweza kukugomea asubuhi. Sehemu ya gesi hiyo ni buteni, na joto likikaribia nyuzi sifuri hugoma kugeuka mvuke. Uweke mtungi kwenye beseni la maji ya uvuguvugu, kamwe si karibu na moto. Na tafadhali, jiko la mkaa lisilale ndani ya tela hata kama watoto wanatetemeka. Ile hewa yake yenye sumu haina harufu, na chumba kidogo hivi kinajaa upesi. Nunua mablanketi. Sisi tuna matano na chupa za maji ya moto miguuni.

Betri tumefunga moja ya kawaida na sola ya wati 100, inatosha taa na kuchaji simu. Ikishuka chini ya volti 12.2 ikiwa imepumzika, imeshavuka nusu, zima. Jokofu lilikuja na tela ila lilikuwa linakunywa umeme wote, nikalitoa. Baridi ya hapa inatunza maziwa bure. Tulipoteremka Matema, ufukweni mwa Ziwa Nyasa, Desemba, na samaki wabichi mkononi saa saba mchana, mama watoto aliniuliza liko wapi.