Re: Siku moja Istanbul, twende wapi?
Mkuu umeuliza wewe na shemeji mkiwa na siku moja tu Istanbul kabla ya kuunganisha ndege muone nini, mi nakwambia msihangaike na mji mzima, nendeni Sultanahmet, mtaa wa kale wa mji. Hagia Sophia na Blue Mosque zinatazamana, mnakatiza bustani kwa miguu mmefika. Hagia Sophia ilimalizwa 537 ikiwa kanisa, 1453 ikageuzwa msikiti, baadae makumbusho, na tangu 2020 ni msikiti tena ila watalii wanalipia na sio hela ndogo. Blue Mosque bure, msiende saa za swala tu, na shemeji abebe mtandio.

Grand Bazaar, lile soko kubwa la kale, mkiiruka poa tu, Jumapili wanafunga pia. Bora mshuke Eminönü kule pwani, juu ya daraja la Galata watu wamejipanga na ndoano wanavua, chini yao migahawa ya samaki. Hapo chukueni Istanbulkart, kadi ya kulipia nauli, mpande kivuko cha Kadıköy, kama dakika 20 hivi mshatoka Ulaya mpo Asia, chai ya vile vikombe vidogo vya kioo inauzwa humohumo. Kwangu hicho kivuko ndo Istanbul yenyewe.

Kurudi eapoti jioni achaneni na teksi, foleni ni balaa, kuna metro M11 toka Gayrettepe.