Kabla Hujasambaza Video ya Maandamano

Maandamano makubwa yanapoanza, wanaoyaona kwa macho ni wachache. Mji uliobaki unayafuata kwenye simu, na simu hizo ndizo zinazoamua nani afunge duka, nani akamchukue mtoto shuleni mapema, nani alale kazini. Nimefanya kazi muda mrefu kwenye chumba cha habari, nikipokea video na sauti zinazotumwa na wananchi siku za namna hiyo. Ushauri wangu mkubwa ni mmoja: kabla hujasambaza, jua ilirekodiwa lini na wapi. Ukishindwa kujua, iache.

Kinachovuruga mji kuliko vyote, kwa nilivyoona, ni ujumbe wa sauti. Mtu anahema, kelele zinasikika nyuma yake, anasema, "Jamani, wameshafika hapa stendi, msije huku!" Stendi ipi? Saa ngapi? Aliyerekodi alikuwa anawaonya ndugu zake, na wao walimwelewa vizuri tu. Ila ujumbe ukishapita kundi hadi kundi, unakuwa wa stendi yoyote ile, na jioni bado kuna anayeusikiliza akidhani mambo yanatokea dakika hiyo. Nimeona mtaa mtulivu ukifunga milango kwa sababu ya sauti iliyorekodiwa asubuhi, upande mwingine kabisa wa mji. Mchuuzi wa siku hiyo analala bila kitu, na hakuna hata jiwe moja lililorushwa mtaani kwake. Kwa hiyo ukirekodi onyo, anza na siku, saa na jina kamili la mahali ulipo. Na ukipokea lisilo na hayo, muulize aliyekutumia. Mara nyingi utakuta naye katumiwa.

Video afadhali, kwa kuwa ina mengi ya kusoma. Mimi huanza kwa kuzima sauti, maana makelele yanatia hofu na mtu mwenye hofu haoni vizuri. Natazama magari yanapita upande gani wa barabara, sare za polisi, vibao vya maduka, vivuli vimelala wapi. Maandishi yakisomeka kinyume, huenda kuna mtu ameigeuza video kusudi isitambulike. Ndipo nawasha sauti nisikie watu wanaongea lugha gani. Mwisho natoa picha moja ndani ya video na kuitafuta mtandaoni, na mara nyingi nakuta moto ule uliwaka nchi nyingine, miaka iliyopita.

Usitegemee kwamba televisheni itakuja kukunyooshea mambo. Kenya, tarehe 25 Juni 2025, Mamlaka ya Mawasiliano iliagiza vituo viache kutangaza maandamano moja kwa moja, na matangazo ya baadhi ya vituo yakakatwa kabla Mahakama Kuu haijasimamisha agizo hilo. Misri ilikwenda mbali zaidi: 28 Januari 2011 intaneti ilizimwa karibu nchi nzima, ikarudi 2 Februari. Basi weka redio ndogo ya betri nyumbani, andika namba muhimu kwenye karatasi, na kubalianeni mapema mtakutana wapi simu zikigoma.

Hata nia njema inaweza kuziba njia. Tarehe 2 Juni 2020 watu wengi sana kwenye Instagram waliweka picha nyeusi tupu kuonyesha wako pamoja na waandamanaji wa Marekani waliopinga ubaguzi dhidi ya watu weusi. Wengi waliambatanisha alama ya reli ya #BlackLivesMatter, na aliyeitafuta ili apate taarifa za siku hiyo akakutana na ukuta mweusi. Wanaharakati wenyewe ilibidi wawaombe waache. Alama ya taarifa iachie taarifa.

Sasa nyuso, na hapa naomba unisikilize kwa makini. Video unayoirusha kwa furaha, kesho itatazamwa na anayetafuta watu wa kukamata, au na mwajiri wa yule dada aliyeshika bango mbele. Juni 2020 Signal iliongeza kifaa cha kufifisha nyuso kwenye picha ndani ya programu yake ya kutumiana ujumbe. Kitumie kwa picha, na kwa video tafuta kingine kinachofanya kazi hiyo. Funika nyuso kwenye nakala unayoisambaza, ila video asili usiiguse.

Asili ndiyo ushahidi. Minneapolis, Marekani, 25 Mei 2020, George Floyd, mwanamume mweusi, alifariki akikamatwa na polisi, na taarifa yao ya kwanza ilisema alipatwa na tatizo la kiafya. Darnella Frazier, msichana wa miaka 17, alikuwa amesimama pale akirekodi bila kukatiza, na video yake ndiyo iliyoonyesha afisa akimkandamiza shingoni kwa goti. Mwaka uliofuata ilichezwa mahakamani, na afisa yule akatiwa hatiani kwa mauaji.

Ukijikuta mahali pa namna hiyo, acha kamera iendelee hata pale usipoona jambo la maana. Usikate mwanzo, usiweke muziki, usiandike maneno juu ya picha. Ukimtumia wakili au mwandishi wa habari kwa WhatsApp, itume kama faili la hati, kwa sababu ukiituma kama video ya kawaida inabanwa na inapoteza taarifa zake za ndani, ikiwamo saa iliyorekodiwa. Nakala nyingine iweke nje ya simu siku hiyohiyo, maana simu ndicho kitu cha kwanza kunyang'anywa.